Mzee aliikataa picha yangu bora: ni nani anayeijua sekunde sahihi ya mcheza ngoma?

Mwambao wa Kibirizi (mwanzisha uzi)

Ndugu wana jukwaa, nawasalimu kutoka Kigoma.

Mimi ni mpiga picha wa kawaida. Ninapiga harusi, mahafali na picha za pasipoti katika kibanda changu pale Mwanga, na siku za mechi hukaa nyuma ya goli katika Uwanja wa Lake Tanganyika nikiwapiga wanasoka. Mwezi wa saba, kikundi kimoja cha ngoma kutoka upande wa Kasulu kilinitafuta nikipigie picha za kuwaonyesha waandaaji wa sherehe. Niliikubali kazi hiyo kwa wepesi, kwa sababu niliamini kwamba anayeweza kumnasa mshambuliaji akiwa hewani hawezi kushindwa na mcheza ngoma ambaye anarudia mruko uleule kila baada ya dakika.

Niliwapanga kwenye sakafu ya saruji mbele ya ukumbi mmoja, maana sikutaka vumbi liingie kwenye lenzi. Shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, niliiweka 1/1600 ya sekunde, kamera ikawa ya mfululizo, nikafyatua kama ninavyofyatua kwenye mpira wa kona. Nilirudi nyumbani na picha zaidi ya 600.

Jioni ya siku ya pili niliifungua kompyuta chini ya mwembe, mbele ya mzee anayekiongoza kikundi. Nilianza na ile niliyoiona kuwa bora kuliko zote: kijana yuko hewani, magoti yamekunjwa hadi kifuani, fimbo ya ngoma imepita nyuma ya kisogo, kila tone la jasho linahesabika. Mzee aliitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, hapa huyu kijana amechelewa. Ngoma imeshapita. Tazama macho yake."

Nilitazama. Macho yalikuwa yameelekea chini, kwenye saruji, yakitafuta mahali pa kutua. Mzee akaeleza kwamba mcheza ngoma anayetazama pa kutua ameshamaliza kucheza. Aliyebaki hewani ni mtu anayeanguka tu. Baadaye akaichagua picha ambayo nilikuwa nimeiwekea alama ya kufutwa: kijana yuleyule, miguu imeachana na sakafu kwa kimo cha kiganja, fimbo imegusa ngozi ya ngoma, na nyuma yake safu nzima ya wenzake wamefungua midomo wakimwitikia. Kwa macho yangu ya mpira, picha hiyo haikuwa na tukio lolote.

Nimelitafakari jambo hili kwa wiki kadhaa, na hesabu zimenisaidia kuelewa kwamba mzee hakuwa na ukaidi. Mtu anayeruka kimo cha sentimita 50 hutumia takriban sekunde 0.32 kupanda na muda kama huo kushuka, na zaidi ya asilimia 70 ya muda wote wa kuwa hewani huutumia katika nusu ya juu ya mruko, ndiyo maana watazamaji huona kama anaelea. Sasa, tangu jicho lione hadi kidole kibonyeze, hupita kama sehemu ya tano ya sekunde. Ukisubiri umwone kileleni ndipo ubonyeze, picha itatoka akiwa ameshashuka karibu sentimita 20, na bila shaka atakuwa anatazama pa kutua. Mfululizo nao hauokoi sana: kamera yangu hupiga picha 8 kwa sekunde, yaani mruko mmoja hupata picha 5, na hakuna sheria inayozilazimisha 5 hizo ziangukie pale ngoma inapolia.

Kwa hiyo nimefikia rai hii, nayo naileta kwenu ijadiliwe: mcheza ngoma hapigwi picha kwa jicho, bali hupigwa kwa sikio. Ngoma hutangulia kusema ni lini mwili utafika juu, na mpiga picha asiyeisikia atabaki kukusanya mianguko iliyopambwa kwa mwanga mzuri. Lugha yetu imetumia neno moja kwa mambo haya mawili: anayecheza mpira na anayecheza ngoma wote ni wachezaji, na wote wana mapaja, mapafu na vifundo vya miguu vinavyofanya kazi ngumu. Hata hivyo mwanasoka anaruka kwa sababu mpira uko juu, ilhali mcheza ngoma anaruka kwa sababu kuna jambo analisema. Picha yangu iliyokataliwa ilikuwa imemwona mwanamichezo, ikamkosa msanii.

Wenye uzoefu, hasa wa ngoma za huku kwetu Magharibi, naomba mnisahihishe.

Kivuli cha Mwembe, Tabora

Mkuu, uzi wako umenigusa, kwa kuwa na mimi niliwahi kuaibika, ila aibu yangu ilikuja kutoka upande wa pili.

Ngoma uliyoipiga inaelekea kuwa ndugu wa ile ya majirani zetu wa Burundi, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Katika ile ya Burundi, ngoma hupangwa nusu duara kuizunguka moja ya katikati, idadi yake haigawanyiki kwa mbili, na wachezaji hutoka mmoja mmoja kuja katikati. Ngoma ya namna hiyo inaonekana. Hata mtu aliyeziba masikio anajua kwamba kuna kitu kimepaa. Sisi Unyamwezini tuna ngoma ambazo miguu haipandi kabisa. Chukua manyanga, iliyopewa jina la vile vibuyu vya kuchezesha mkononi: kazi kubwa iko mabegani, kifuani na kwenye viganja, miguu inakanyaga tu na njuga zinajibu.

Mwaka wa kwanza nilipiga manyanga kwa 1/1000. Picha zilitoka safi kama za kitambulisho. Akina mama wamesimama, vibuyu wamevishika, na ungeapa kwamba wanasubiri kumiminiwa togwa. Dakika arobaini za jasho hazikuonekana mahali popote, kwa sababu bega linalotetemeka likigandishwa linakuwa bega tu.

Siku hizi nateremka hadi 1/30, wakati mwingine 1/20. Viwiko nimevibana mbavuni, pumzi nimeitoa nusu, fokasi iko kwenye jicho la mchezaji aliye karibu. Mcheza manyanga hodari huacha kichwa kitulie huku mabega yakienda, na hapo ndipo ustadi wake ulipo; shata ya polepole inaliona hilo vizuri, kwa maana uso unatoka wazi na mabega yanakuwa kama moshi. Katika picha ishirini napata moja ya kuonyesha watu. Nyingine kumi na tisa ni moshi mtupu, na nimekubali.

Kuna ujanja mwingine kwa ngoma za usiku. Flashi ndogo ikishushwa nguvu hadi sehemu ya kumi na sita huwaka kwa muda mfupi mno, unaoweza kufikia 1/10,000 ya sekunde, kwa hiyo gizani flashi ndiyo shata yako, na hakuna kitakachotikisika. Ukiiweka shata 1/15 na kuiambia kamera iwashe flashi mwishoni badala ya mwanzoni, mkono utatoka wazi na nyuma yake utaburuta mkia wa mwendo. Ukiiwasha mwanzoni mkia unatangulia mbele, na mchezaji anaonekana kama anarudi kinyumenyume. Lakini jihadhari na taa za LED za ukumbini: umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi za bei nafuu zinazima na kuwaka mara 100 kwa sekunde, na shata ya kasi itakuchorea mistari myeusi kwenye picha. Rudi 1/100 au 1/50 na mistari hupungua au hutoweka.

Nakubaliana nawe juu ya sikio. Nasita tu pale unapoonyesha kana kwamba sekunde sahihi ni moja. Katika manyanga hakuna kilele cha kusubiri.

Msafiri wa Reli ya Kati

Naongeza dogo. Picha ya dansi ninayoipenda kuliko zote haina mruko wala moshi. Aliipiga Malick Sidibé kule Bamako, Mali, mwaka 1963: kijana wa kiume aliyevaa suti ya rangi nyeupe na msichana aliye pekupeku, ndugu wa tumbo moja, wameinamisha vichwa hadi vinakaribia kugusana. Hakuna misuli iliyokaza. Hata hivyo ukiitazama unasikia muziki. Yeye alikuwa akizunguka kwenye sherehe za vijana hao karibu kila wikiendi, aliijua miziki yao na wao walimjua. Sidhani kama ni suala la shata.

Mwalimu wa Uwanjani

Wakuu, naomba nilete upande ambao wapiga picha huwa mnauruka. Mimi nimefundisha michezo shuleni kwa muda mrefu, Urambo na sasa Kigoma, na mara zote ninapoona picha ya mchezaji akiwa hewani hujiuliza alitua vipi.

Mwanzisha uzi ameandika kwamba aliwapanga kwenye saruji na kwamba alipata picha zaidi ya 600. Naomba atuambie, yule kijana aliruka mara ngapi?

Nauliza kwa sababu miguu ikigusa ardhi baada ya mruko wa nguvu hupokea mzigo unaozidi uzito wa mwili mara kadhaa. Mchanga au udongo hula sehemu ya mzigo huo, ilhali saruji haili kitu. Yote hurudi kwenye kifundo, goti na mgongo. Kifundo cha mguu ni miongoni mwa sehemu zinazoumia mara nyingi zaidi kwa wacheza dansi duniani kote. Mwanasoka tunampasha moto dakika ishirini, tunamnyoosha, na akiruka vibaya mara mbili kocha anamtoa. Mcheza ngoma tunamwambia "rudia tena, jua limejificha", naye kwa heshima anarudia. Mwili umeshapoa wakati mpiga picha anabadilisha lenzi, kisha anaambiwa apae upya.

Hayo ya msanii na mwanamichezo hata wakubwa wa michezo yamewasumbua. Mwaka 2024 kule Paris, dansi ya breki (breakdance) iliingia kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza, na majaji 9 walipima mambo matano: ufundi, wingi wa mitindo, utekelezaji, kuuendea muziki na ubunifu. Mtu aliweza kuzunguka kwa kichwa hadi watu wakachoka kuhesabu, na bado akapoteza alama kwa sababu hakuusikiliza muziki. Haikupangwa kurudi Los Angeles mwaka 2028. Mimi ningependa ingebaki, lakini hilo ni la uzi mwingine.

Ninachoomba ni rahisi. Ukimwita mwanamichezo, mtunze kama mwanamichezo.

Mwambao wa Kibirizi (mwanzisha uzi)

Mwalimu, swali lako limenikuta mahali pabaya, na nitalijibu kwa ukweli.

Nimezipitia picha upya nikihesabu miruko ya yule kijana peke yake. Ni 23. Kwenye picha za mwisho unaona kabisa kwamba mguu wa kulia unakunjika kabla ya wa kushoto, na katika mbili za mwisho kabisa anatua kwa mguu mmoja. Mimi siku ile niliziona kama picha mbovu nikaendelea kumwambia arudie. Hakulalamika. Nilikuja kuambiwa na mzee, baada ya kumaliza mazungumzo ya picha, kwamba kijana alichechemea siku nne na hakuweza kwenda shambani. Sikuliandika hilo kwenye bandiko la kwanza, na ningekuwa mkweli zaidi kama ningeanza nalo. Nilimpelekea pole na fedha kidogo ya siku alizokosa kazi, lakini najua kwamba kifundo hakipokei pole.

Kivuli cha Mwembe, nimekuelewa kuhusu manyanga. Kilele nilikitaja kwa sababu ndicho nilichokikosa. Pengine niseme hivi: kila ngoma ina mahali inapoweka uzito wake, na anayepajua mahali hapo ni aliyeicheza. Barbara Morgan, mpiga picha Mmarekani aliyeanza kumpiga picha mcheza dansi Martha Graham mwaka 1935, alikuwa akiitazama dansi tena na tena kabla ya kuigusa kamera, kisha picha zenyewe akazipiga katika vikao vilivyopangwa kwa ajili ya kamera, si wakati wa onyesho. Ile picha yake ya mwaka 1940, Graham ameinama na gauni limefagia hewa kama bawa, haikupatikana kwa kubahatisha. Mimi nilifika saa tisa, saa tisa na dakika tano nilikuwa nafyatua.

Na Lois Greenfield, mpiga picha wa New York, ambaye wengi wetu tunamwiga bila kumjua kila tunapomrusha mtu hewani mbele ya kitambaa cheupe, aliacha kuwaomba wachezaji wamrudilie miondoko ya jukwaani. Aliwaita studio wabuni jambo kwa ajili ya kamera. Huko mchezaji ndiye anayetunga, kwa hiyo hawezi kuchelewa. Ngoma ya mzee si ya kubuniwa mbele yangu. Ilikuwapo kabla yangu, na mimi ndiye ninayepaswa kuwahi.

Njuga Mguuni

Kaka zangu, mmezungumza vizuri, ila sisi tunaopigwa hatujasikika, kwa hiyo naomba nafasi.

Nimecheza ngoma tangu nikiwa msichana mdogo Ujiji, na sasa niko na kikundi Tabora mjini. Kwanza, mnapenda kulala chini ili mruko uonekane mrefu. Kwa kijana wa kiume aliyevaa kaptula hiyo ni sawa. Kwa mwanamke aliyejifunga kanga, kamera iliyoko usawa wa nyasi inatazama nini? Wapo waliotufanyia hivyo, picha zikazunguka kwenye simu za watu, na aliyeulizwa na mume wake ni mimi, si mpiga picha. Usawa wa kiuno unatosha. Hata hapo miguu inaonekana.

Pili, nina nyuso mbili. Ninapocheza, natabasamu kwa sababu ngoma yetu inataka tabasamu, na tabasamu hilo ni kazi kama kazi ya bega. Wimbo ukikatika, ninageuka pembeni, mdomo unafunguka, natafuta hewa, jasho linaingia machoni. Mpiga picha mmoja alinivizia hapo. Aliniambia kwamba ni picha ya kweli, inaonyesha nguvu tunayoitumia. Sikatai kwamba ni kweli. Lakini mimi nimetumia miaka kumi na nane kujifunza kuificha pumzi hiyo, na yeye anaiita ile niliyoshindwa kuificha ndiyo ya kweli, na ile niliyojifunza ndiyo ya uongo. Mwalimu, wanamichezo wako wanapigwa wakiwa wamekunja nyuso na wanasifiwa. Mimi nikikunja uso, mama yangu aliyenifundisha atauliza kama nilikuwa naumwa.

Nilimwambia anitumie zote nizitazame. Alinitumia mbili.

Tatu, na hili ni fupi: taasisi moja ilitutia kwenye kalenda yake. Tuliiona ukutani kwenye ofisi tuliyokwenda kwa shughuli nyingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua pia wanaocheza na kuimba, si mwenye kamera peke yake, lakini ukutani pale jina lililoandikwa chini ya picha lilikuwa la mpiga picha.

Kivuli cha Mwembe, Tabora

Dada yangu, nimesoma bandiko lako mara mbili. Kuhusu picha ya kutafuta hewa, nimewahi kuipiga mara nyingi na nikajisifu. Nitakuwa nikiuliza.

Nina swali la kiufundi, kama hutajali. Katika ngoma yenu, ni wakati gani wewe mwenyewe unahisi kwamba umefika?

Njuga Mguuni

Si wakati ambao watu wanapiga vigelegele. Ni kabla kidogo. Ngoma kubwa inanyamaza pigo moja, njuga zinabaki peke yake, na sote tunajua pigo linalofuata litaanguka wapi. Hapo karibu hatusogei kabisa. Sijawahi kuiona picha yake.

Mwambao wa Kibirizi (mwanzisha uzi)

Naleta mrejesho, kama ilivyo desturi.

Jumamosi iliyopita nilikutana tena na kikundi, safari hii kwenye mchanga wa Kibirizi, saa kumi na moja kasoro. Kamera niliiacha kwenye begi kwa saa nzima. Walijipasha moto kwa nyimbo zao wenyewe na mimi nikapiga makofi, vibaya, hadi watoto wa wavuvi wakanicheka. Katika saa hiyo nilijifunza kwamba kabla ya mruko mkubwa ngoma ya katikati hutoa mapigo matatu ya haraka, na kwamba mchezaji huondoka ardhini baada ya la tatu. Mwezi wa saba nilikuwa nimeyasikia mapigo hayo alasiri nzima bila kuyasikia.

Mfululizo niliuzima. Kila mchezaji aliruka mara tano, akapumzika, na nilibonyeza mara moja tu kwa kila mruko, kwa kulihesabu pigo la tatu. Nusu ya picha nilikosea kwa kuwahi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani mwangu. Jua letu linapokaribia milima ya Kongo halina subira, mwanga mzuri ulikaa kama dakika ishirini, na mchanga waliouinua kwa nyayo ukashika rangi ya chungwa bivu. Vumbi nililolikimbia mwezi wa saba ndilo lililoonyesha safari hii kwamba miguu imetoka mahali fulani.

Nilijaribu pia ule ukimya aliousema dada Njuga Mguuni. Ngoma yao nayo inao, kabla ya mapigo matatu. Nimepata picha mbili: safu imesimama, fimbo ziko juu, hakuna kilichogusana na chochote. Mke wangu ameziona akauliza kwa nini wamesimama. Mzee alipoziona hakusema neno, akazirudisha nyuma akazitazama tena.

Kutoka picha 64 amechagua 9, na yangu niliyoipenda zaidi haimo. Yule kijana hakuruka. Alikaa kwenye ngoma ya pembeni akipiga, na mguu ameunyoosha mbele. Amesema atarudi baada ya mavuno.

Mlioomba kuziona picha, subirini kidogo. Nimewatumia waliomo wote, saba wameridhia, wawili bado hawajajibu.